Chombo ni Chako, Ufunguo Ameshika Nani?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na waendesha bodaboda wa Kisii na Nyamira



Tunawashukuru kwa kuacha kazi za shamba na za soko mkaja kutusikiliza. Tunajua chai haingojei mtu, na mwenye ndizi zilizoiva hana muda wa kukaa. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Mlituomba tuzungumze juu ya mambo matatu: simu za mkopo, pikipiki za stima, na hizi sheria za intaneti zinazotajwa redioni kila siku. Tumeamua kuyazungumza kwa pamoja, kwa maana tukiyaangalia vizuri tunaona swali moja linapita katika yote matatu. Swali lenyewe ni hili: mtu akinunua chombo cha kumpatia riziki, ufunguo wa hicho chombo unabaki kwa nani?

Katika kuzunguka vikundi vyenu, kutoka Suneka hadi Nyansiongo, tumesikia maoni mengi. Tumechagua matatu yanayorudiwa sana.

La kwanza, watu husema: "Simu ya mkopo ni rahisi, ni pesa ya chai tu kila siku."

La pili: "Pikipiki za stima ni za watu wa tambarare. Milima yetu itazishinda."

La tatu: "Sheria za intaneti ni mambo ya Nairobi. Sisi tunahangaika na bei ya mbolea."

Kila moja lina ukweli ndani yake, na kila moja limeacha kitu nje. Wacha tuyachukue moja baada ya lingine.

SIMU YA PESA YA CHAI

Tukumbuke mambo yalivyoanza. Mwaka 2007 M-Pesa ilipoingia, simu iligeuka kuwa mfuko wa pesa. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa. Ukilipa, taa inawaka. Usipolipa, inazima yenyewe, bila mtu kuja kwako. Mwaka 2020 Safaricom ikishirikiana na Google ilileta mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, simu ya kulipia shilingi 20 kwa siku baada ya malipo ya kwanza. Hapo pia, usipolipa simu inafungwa. Leo maduka mengi hapa mjini Kisii yanauza simu kwa njia kama hiyo, ya kampuni hii au ile.

Hatuwezi kusema jambo hili ni baya. Mama wengi waliokuwa wakitumia mulika mwizi sasa wanapokea oda za managu na chinsaga kwa picha, na watoto wanasomea kwenye simu hiyohiyo. Bila mkopo wasingeipata.

Lakini wacha tupige hesabu pamoja. Huu ni mfano tu, kila mtu aweke bei za duka lake. Tuseme simu dukani ni shilingi 9,000 kwa pesa taslimu. Kwa mkopo, malipo ya kwanza ni 2,000, kisha 50 kwa siku kwa siku 300. Hiyo 50 mara 300 ni 15,000. Ongeza 2,000, jumla ni 17,000. Umelipa 8,000 zaidi ya bei ya simu, na siku zote hizo 300 ufunguo si wako.

Sasa tuseme akina mama kumi wana merigoraundi. Kila mmoja anatoa 300 kwa wiki. Kila wiki ya tatu wana 9,000, wananunua simu moja kwa taslimu. Katika wiki 30 wote kumi wana simu, na kila mmoja ametoa 9,000 tu. Ukigawa kwa siku ni shilingi 43 hivi, chini ya ile 50. Tofauti ni kwamba yule wa kumi amengoja. Lakini hata yule wa kumi, siku mtoto wake akiugua akakosa kutoa wiki moja, simu ya mtu haizimwi. Kikundi kinaongea naye kama watu.

Babu zetu hawakuwa na simu, lakini walijua egesangio. Leo shamba la huyu, kesho la yule, na hakuna aliyemfungia mwenzake jembe.

Kuna jambo dogo la kukumbuka hapa, kwa maana tumeona watu wakililia bure. Simu ikifungwa, pesa zako za M-Pesa hazijafungwa. Hazikai ndani ya simu, ziko kwa laini yako. Toa laini, weka kwenye simu nyingine, hata mulika mwizi, na pesa utazipata.

PIKIPIKI ZA STIMA NA MILIMA YETU

Sasa tuje kwa vijana. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, bodaboda zimekuwa ajira kubwa kwetu. Ukisimama pale Keroka au Daraja Mbili asubuhi, huna haja ya kuambiwa. Na mwendeshaji yeyote anaweza kuwaambia petroli imemfanya nini. Septemba 2023 bei yake ilivuka shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza.

Mwezi huohuo Rais William Ruto alizindua pikipiki za stima mjini Mombasa. Hilo halikuwa jambo la Kenya peke yake. Kule Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya petroli haiandikishwi tena kwa kazi ya kubeba abiria. Ethiopia nayo mwaka 2024 ilizuia kuingizwa kwa magari ya kibinafsi ya petroli. Kwa hivyo anayesema mambo haya hayatafika Marani au Kebirigo, tunamwomba afikirie tena.

Uzuri wa stima upo. Petroli yote tunainunua nje kwa dola. Stima ya Kenya karibu asilimia 90 inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Sondu Miriu hapo karibu ina uwezo wa megawati 60. Hata mto wetu wa Gucha, unaoanzia katika milima ya Nyamira, unazungusha mitambo midogo ya Gogo kule Migori. Zaidi ya hayo, injini ya stima haina oili ya kubadilisha, haina plagi, haina kabureta. Kelele ni kidogo na moshi hakuna.

Na milima je? Swali hilo si la mchezo. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara zetu za ndani ni za kupanda na kushuka, za udongo, zenye mvua karibu mwaka mzima. Injini ya stima yenyewe haiogopi mlima, kwa maana nguvu yake inatoka mara moja hata ikianza kutoka kusimama. Kinachoumia ni chaji. Betri inayotangazwa kufika kilomita 80 imepimwa na mtu mmoja kwenye barabara tambarare. Beba abiria wawili na mikungu mitatu ya ndizi upande Manga, uone kama kilomita zitabaki 80.

Kwa hivyo tunawashauri vijana: msinunue kwa karatasi. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, muombe muuzaji pikipiki ya majaribio, mwende nayo kwa mlima wenu, na mzigo wenu, siku ya mvua. Andikeni kilomita mlipoanza na mlipoishia. Akikataa, hayo ni majibu tosha.

Lakini tunaona jambo la milima linazungumzwa sana, na jambo kubwa zaidi linasahaulika. Nalo ni betri.

Kuna mitindo miwili. Mtindo wa kwanza ni pikipiki ambayo betri ni yako. Unaweza kuitoa ukaingia nayo nyumbani na kuichaji kwenye soketi ya kawaida. Pikipiki za Roam, kampuni iliyoanza hapa Kenya mwaka 2017 kwa jina la Opibus, zinaweza kuchajiwa hivyo. Mtindo wa pili ni wa kubadilisha betri. Unanunua pikipiki, lakini betri ni ya kampuni. Ikiisha unaenda kwa kituo chao, unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unalipa, unaondoka kwa dakika chache. Spiro hufanya hivyo, na Ampersand iliyoanzia Kigali pia.

Mtindo wa pili una faida zake. Pikipiki inauzwa kwa bei nafuu kwa sababu betri haimo katika bei. Betri ikizeeka si hasara yako. Na hupotezi saa nzima ukingoja chaji huku wateja wanachukuliwa na wengine.

Lakini fikirieni. Ukiwa na pikipiki ya petroli, ukichoka na kituo kimoja kwa sababu wanapima vibaya, unaenda kingine. Hata petroli ya chupa kando ya barabara unaipata. Ukiwa na betri ya kampuni, kituo chako ni cha kampuni hiyo peke yake. Bei wanaweka wao. Leo ni nafuu, kesho wanaweza kupandisha, na wewe huna pa kwenda. Wakiamua Kisii haina faida na kufunga kituo, umebaki na chuma.

Tupige hesabu nyingine ya mfano. Tuseme kijana anatumia lita tatu za petroli kwa siku, kwa 180 kila lita. Hiyo ni 540. Akiwa na betri yake, tuseme anatumia chaji mbili za uniti tatu kwa siku, yaani uniti sita. Tuseme uniti moja nyumbani ni shilingi 30. Hiyo ni 180. Amebakisha 360 kila siku, ingawa lazima aweke kitu kando kwa ajili ya betri mpya miaka ijayo. Anayebadilisha betri kwa kampuni atabakisha kile ambacho kampuni itamwachia. Kwa hivyo mkiambiwa "stima ni rahisi kuliko petroli", mseme ndiyo, kisha muulize: urahisi huo unaingia mfuko wa nani?

Na msisahau stima yenyewe hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Hapa kwetu hatuhitaji tarehe, transfoma moja ikilipuka kijiji kinakaa siku kadhaa. Mwenye betri moja tu na soketi moja tu aliweke hilo katika hesabu yake.

JIWE LA KUSAGIA

Sasa tuunganishe mambo.

Kijana wa kikundi kimoja tunachotembelea alichukua pikipiki ya petroli kwa mkopo wa miezi 18. Ndani yake kulikuwa na kifaa cha kuifuatilia na kuizima kutoka mbali. Siku hizi si za stima tu, hata za petroli zinazouzwa kwa mkopo nyingi zina kifaa hicho. Alilipa miezi 14 bila kukosa. Mwezi wa 15 mkewe alilazwa hospitalini kwa uzazi wa shida, pesa zikaenda huko. Asubuhi moja alitoka kwenda kazini akaikuta pikipiki haiwaki. Alipiga simu kwa muuzaji, akaambiwa alipe malimbikizo na faini ndipo iwashwe. Lakini alipe na nini? Kazi yake ilikuwa hiyo pikipiki. Mwishowe kikundi kilichanga akafunguliwa. Angekuwa peke yake, angepoteza miezi 14 ya jasho.

Wengine watasema: deni ni deni, alikubali mwenyewe. Ni kweli. Hatuko hapa kufundisha watu kukwepa madeni. Muuzaji naye ana watu wa kulipa, na bila njia ya kujikinga asingewakopesha watu wasio na hati ya shamba wala payslipu. Lakini hata wa kale waliona kuna mpaka. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, iliruhusu rehani, lakini jiwe la kusagia ilikataza lisichukuliwe. Sababu yake mkulima yeyote anaiona: nyumba isiyosaga haili, na isiyokula hailipi. Pikipiki ya huyo kijana ilikuwa jiwe lake la kusagia.

Na sheria ya Kenya nayo ilifikiria jambo hili zamani. Tunayo Sheria ya Kununua kwa Kulipa Kidogo Kidogo, Sura ya 507. Inasema kwamba mnunuzi akishalipa thuluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kujichukulia mali kwa nguvu zake, mpaka aende kortini. Thuluthi mbili ya miezi 18 ni miezi 12. Kijana wetu alikuwa amelipa 14.

Je, kuzima kutoka mbali ni sawa na kuchukua? Mkataba wake ni wa aina hiyo ya Sura ya 507, au umeandikwa kama kukodisha, au kama mkopo? Hayo ni maswali ya wakili, na kila mkataba lazima usomwe wenyewe. Lakini tuone wazi kilichobadilika. Sheria hiyo iliandikwa wakati mdai alilazimika kuja na lori na vijana wa kubeba. Majirani wangemwona, mzee wa mtaa angeitwa, watu wangeongea. Siku hizi haji mtu. Kijana ameketi mbele ya kompyuta mahali, au hakuna hata kijana, ni programu tu. Haijui kwamba mkeo yuko hospitalini.

SHERIA ZA INTANETI SI ZA NAIROBI TU

Hapo ndipo tunafika kwa maoni ya tatu. Kama simu yako, taa yako na pikipiki yako zinaweza kuzimwa kupitia mtandao, basi sheria za mtandao ni sheria za jikoni kwako. Tutaje tatu tu.

Ya kwanza ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inahusu habari zako: jina, namba ya kitambulisho, namba za watu wako, hata mahali ulipo. Mnakumbuka ile aibu ya watu kukopa kwa simu kisha jamaa zao wote wanapigiwa na kutishwa. Septemba 2023, Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni moja ya mikopo, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu na kuwatumia vitisho. Mwananchi wa kawaida anaweza kulalamika kwa ofisi hiyo, kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi umalizike katika siku 90. Na pikipiki yenye kifaa cha kufuatilia inajua ulilala wapi na ulisimama wapi. Una haki ya kuuliza habari hizo zinawekwa wapi na nani anaziona.

Ya pili ni ya wakopeshaji wa simu. Sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa mwaka 2021, na kanuni zikatoka 2022, kwamba anayekopesha kwa simu lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Kumi wa kwanza walipata leseni Septemba 2022. Desemba 2024 sheria ilirekebishwa tena, mkono wa Benki Kuu ukapanuliwa kwa wakopeshaji wengine wasiopokea amana. Orodha ya wenye leseni hutangazwa na Benki Kuu. Kijana yeyote hapa mwenye simu anaweza kuitafuta kwa dakika mbili. Kwa nini basi tunaweka sahihi kwanza na kuuliza baadaye?

Ya tatu inahusu mtandao wenyewe. Jumanne, 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha, mtandao ulidhoofika nchini kote. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema hakuna mpango wa kuufunga, na ilielezwa kwamba nyaya za chini ya bahari zilikuwa na shida. Wakenya wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa agizo la muda la kuzuia intaneti isifungwe hadi kesi isikizwe. Kwa majirani tumeona zaidi. Uganda ilifunga intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikakaa siku kadhaa bila intaneti kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025.

Tunajua wako wazee hapa wanaosema intaneti imeharibu watoto, na heri ifungwe. Tunawasikia. Kamari, utapeli na matusi yaliyomo humo ni mambo ya kweli, na sheria za kuyazuia zinatakiwa. Lakini kuzuia wizi ni jambo moja, na kufunga barabara nzima kwa sababu mwizi hupita humo ni jambo jingine. Siku barabara hiyo inafungwa, yule mama wa managu hapokei oda. Na yule kijana wa pikipiki ya betri, kama kituo kinataka programu ya simu ndipo kimpe betri, ataipataje?

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: sheria iwepo, lakini imfunge pia yule anayeshika kitufe. Kampuni ishikapo kitufe cha kuzima chombo cha mtu, ilazimike kumpa notisi, kumpa muda, na kumsikiliza. Serikali ishikapo kitufe cha mtandao, ilazimike kwenda kortini mchana, watu wakiona. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na kulindwa kwa afya, usalama na uchumi wake. Hayo si maombi, ni haki.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo manne, yote mnaweza kuyaanza wiki hii.

1. Mtu asiweke sahihi peke yake. Kila kikundi kiteue watu wawili wanaojua kusoma vizuri. Mwanachama akitaka kuchukua chombo kwa mkopo, mkataba usomwe kwanza mbele ya kikundi, kwa Kiswahili au kwa Ekegusii. Muuzaji asiyekubali mkataba utoke dukani ukasomwe, mwachieni mali yake.

2. Ulizeni maswali sita na mwandike majibu. Bei yote mpaka mwisho ni ngapi? Nikikosa siku ngapi chombo kinazimwa? Faini ni kiasi gani? Nikiugua au nikifiwa naweza kupewa muda? Betri ni yangu au ni yenu, na bei yake ikipanda nitaambiwa lini? Siku nikimaliza kulipa, kufuli linaondolewa kabisa na logbuku inakuja kwa jina langu?

3. Nunueni pamoja. Vijana ishirini wa steji moja wakienda kwa muuzaji kama sacco, hatawajibu vile angemjibu mmoja. Wanaweza kudai kituo kiletwe karibu, fundi wetu afundishwe, na spea zipatikane hapahapa. Wanaweza hata kununua betri ya ziada na kuiweka kwa jina la sacco.

4. Toeni maoni. Kanuni zikiandikwa, serikali inatakiwa na Katiba kuwauliza wananchi kwanza. Matangazo hutoka, na kwa kawaida wanaojibu ni mawakili na makampuni. Barua moja ya ukurasa mmoja, yenye majina ya watu hamsini wa Nyamira na namba zao za kitambulisho, ikieleza pikipiki ilizimwa lini na nini kilifuata, ina uzito kuliko kelele nyingi za stejini.

Ndugu wapendwa, hatukuja kuwaambia msinunue. Pikipiki za stima zikifika zikaiweza milima yetu, na bei ikawa ya haki, tutafurahi kama nyinyi. Simu zimewasaidia wengi na zitaendelea kuwasaidia. Tunachoomba ni kwamba kabla ya mtu wetu yeyote kuweka mkate wa watoto wake juu ya chombo, ajue ufunguo ameshika nani, na kikundi chake kijue pia.

Sasa mgawanyike katika vikundi vya watu wanane wanane, mjadili maswali haya, na mmoja wenu aandike majibu ya kutuletea.

Maswali ya kujadili

Katika kikundi chenu, ni watu wangapi wana chombo ambacho kinaweza kuzimwa kutoka mbali? Je, mikataba yao mmeiona?

Kuna mtu kwenu aliyezimiwa chombo akiwa amebakisha kidogo kumaliza deni? Nini kilifuata?

Kwa mlima ulio karibu na steji yenu, pikipiki ya stima ingehitaji kupanda mara ngapi kwa siku, na kwa mzigo gani?

Kikundi chenu kikianza merigoraundi ya simu au ya betri, kila mtu anaweza kutoa pesa ngapi kwa wiki bila kuumia? Tutaanza lini?